Herufi nene ina kazi gani?

Leo nina neno juu ya kitu ambacho sisi watu wa redio hatunacho, nacho ni herufi nene. Mtangazaji akitaka neno moja lisikike kupita mengine hulikazia sauti, au hunyamaza kidogo kabla ya kulitamka. Gazeti halina koo. Likitaka neno lionekane kupita mengine hulinenepesha, likasimama jeusi mbele ya wenziwe wembamba kama mlinzi mlangoni pa ukumbi wa dansi. Na kwa kuwa mojawapo ya kazi zangu za asubuhi ni kuwasomeeni vichwa vya habari vya magazeti, nimezitazama herufi hizo kwa miaka mingi, na nina dukuduku nazo.

Sizungumzii kila herufi nene. Kwenye mabango ya soda na ubavuni mwa daladala kuna herufi nene zilizo kavu, zimekatwa wima kama matofali, hazina pambo lolote. Hizo ni ukoo mwingine. Ninayoisema ni ile ya kizamani, yenye vijiguu. Itazame I kubwa katika kitabu cha hadithi: juu na chini ina kijistari cha kulala, mithili ya mtu aliyevaa kofia na viatu. M ina vijiguu hivyo, h inavyo, n inavyo. Wachapaji huviita serifu, na asili yake ni ya mbali, tangu maandishi ambayo Warumi waliyachonga katika mawe. Sasa chukua herufi hiyo ya kizamani uinenepeshe mwili bila kuivua viatu. Hiyo ndiyo mada yangu. Ina uzito wa nyundo, lakini ina adabu ya mzee aliyevaa koti.

Kunenepesha herufi hakukuanza kwa ajili ya habari wala elimu. Kulianza kwa ajili ya kuuza. Mwanzoni mwa karne ya 19 kuta za jiji la London zilijaa matangazo ya maonyesho, ya dawa za kutibu kila ugonjwa, na ya bahati nasibu ya serikali. Herufi za vitabuni zilikuwa nyembamba mno, haziwezi kumsimamisha mpita njia. Wakatokea wasubu herufi, mmoja wao Robert Thorne, wakazitia mwili hadi zikaota vitambi. Mwaka 1820 kiwanda cha Thorne, kilichojulikana kwa jina la Fann Street, kilinunuliwa na William Thorowgood, na inaelezwa kwamba fedha za kukinunulia alizipata kwa kushinda bahati nasibu. Yaani herufi nene ziliuza tiketi za bahati nasibu, kisha bahati nasibu ikanunua kiwanda cha herufi nene. Mambo ya mjini hayakuanza leo.

Ila herufi zile za vitambi zilikuwa na kasoro. Palipokuwa pnene palizidi unene, na palipokuwa pembamba palibaki kama unywele. Ukutani zinavutia. Ukizichomeka ndani ya mstari wa maandishi ya kawaida zinakuwa kama tembo aliyepanga foleni na mbuzi. Na kwenye karatasi duni ule unywele hupotea kabisa, ukabaki na matumbo yasiyo na shingo.

Mwaka 1845, katika kiwanda hichohicho, Robert Besley, aliyekuwa mbia wa Thorowgood, alileta jibu. Mchongaji wake alikuwa Benjamin Fox. Hebu fikirini kazi ya mtu yule: kila herufi aliichonga kinyumenyume katika ncha ya kijiti cha chuma cha pua, kwa ukubwa uleule ambao wewe utaisoma. Kile chuma kikagongwa katika shaba kikaacha shimo, na katika shimo hilo ndimo risasi iliyoyeyushwa ikamiminwa. Herufi ndogo ya a haizidi punje ya mchele, na ndani yake mna tundu. Fox alizichonga zote, moja baada ya nyingine.

Herufi hiyo waliiita Clarendon. Unene wake ulikuwa umepimwa. Mistari myembamba ilitiwa nyama kidogo ili isipotee, na vijiguu vikaungana na mwili kwa mkunjo laini, kama shina la mwembe linavyotanuka likikaribia ardhi. Ncha ya a ndogo ikaishia kwa kitone cha duara kama tone la maji linalotaka kudondoka. Mguu wa R kubwa ukajikunja mwishoni kama mkia wa paka. Na jambo kubwa kuliko yote, herufi hii iliweza kukaa katika mstari mmoja na herufi za kawaida bila kuzisukuma. Ilikuwa kama yule mwenye sauti ya besi katika kwaya: anasikika, lakini yumo ndani ya wimbo uleule.

Kwa kazi gani? Si kwa bahati nasibu tena. Mahali ilipofaa hasa ni katika kamusi na vitabu vya rejea. Kabla ya hapo mtunga kamusi hakuwa na njia nyingi za kulitenga neno linaloelezwa na maelezo yake. Samuel Johnson, katika kamusi yake maarufu ya Kiingereza ya mwaka 1755, aliyaandika maneno hayo kwa herufi kubwa tupu. Sasa ikapatikana herufi inayofanya kazi ya kidole. Haipigi kelele, inaonyesha tu: neno unalolitafuta liko hapa.

Besley aliisajili herufi yake chini ya sheria ya mapambo ya mwaka 1842, ambayo ilimpa hifadhi ya miaka 3 tu. Ilipokwisha, wenye viwanda vingine waliivamia kama kunguru wanavyovamia dagaa walioanikwa. Ikaenea kiasi kwamba wachapaji wa Uingereza wakazoea kuiita kila herufi nene clarendon, hata ambayo haikutoka katika ukoo huo, kama sisi tunavyosema kiwi tukiwa na maana ya dawa yoyote ya viatu. Besley mwenyewe hakufa maskini. Mwaka 1869 alikuwa Meya wa London.

Jina hilo la Clarendon lina kamba inayofika hadi kwetu. Huko Oxford chuo kikuu kina matbaa yake, na vitabu vyake vya kitaaluma vilitoka kwa jina la Clarendon Press. Inasemekana Besley aliichukulia herufi yake jina huko. Mwaka 1903 matbaa hiyohiyo ilitoa kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya A. C. Madan, mmisionari aliyefanya kazi Unguja. Halafu ikaja ya Frederick Johnson mwaka 1939, nayo kutoka Oxford. Halafu mwaka 1981 ikatoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotungwa na wataalamu wetu wenyewe wa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mwenye kamusi hiyo nyumbani aifungue. Kila kidahizo, yaani neno linaloelezwa, kimeandikwa kwa herufi nene, na maelezo yake kwa herufi nyembamba. Tafuta neno kunga. Jicho lako halisomi chochote njiani. Linateremka ngazi za weusi, kuna, kunde, kundi, hadi likatua. Sasa fikiria ukurasa huohuo ukiwa mwembamba wote. Utasoma maelezo ya maneno kumi usiyoyahitaji kabla hujafika. Na ukiwa mnene wote, vilevile utapotea. Herufi nene inafanya kazi kwa sababu ya wembamba wa jirani zake. Peke yake haina maana yoyote.

Kwingineko Clarendon ilizurura sana. Marekani iliyafaa matangazo ya kuwasaka majambazi, yale tunayoyaona katika filamu za kauboi, na baadaye vibao vya barabarani katika hifadhi za taifa za nchi hiyo. Uswisi, Hermann Eidenbenz aliifufua kwa sura safi zaidi mwaka 1953. Ukitaka kumwona binamu yake bila kusafiri, tazama neno SONY kwenye redio au televisheni ya kampuni hiyo. Vile viatu vinene ndivyo.

Nirudi kwenye suala la gharama, maana ndiko dukuduku langu liliko. Chuoni nilikosomea stashahada ya uandishi wa habari tulikuwa na mwalimu mmoja ambaye ujanani mwake alipanga herufi za risasi. Alikuwa na mfuko wa kitambaa wenye herufi hizo, akitupitishia mkononi tuone uzito wake, ile risasi iliyochanganywa na antimoni na bati. Alitueleza kwamba herufi nyembamba zilikuwa na sanduku lake na nene zilikuwa na lake. Neno moja likihitaji unene, mpangaji aliacha sanduku alilokuwa nalo, akaliendea la pili, akarudi. Mhariri aliyetaka maneno matano manene katika aya moja aliulizwa na mpangaji, tena bila heshima kubwa: "Bwana mkubwa, ni lazima?"

Swali hilo lilikuwa mhariri wa pili. Siku za taipureta nako ulilipia, kwa kurudisha gari nyuma na kupiga neno lilelile mara ya pili juu ya la kwanza, au kulipigia mstari chini. Siku hizi katika kompyuta kuna kitufe kimoja. Kinabonyezwa na aya nzima inanenepa, bila risasi, bila sanduku la pili, bila mtu wa kukuuliza kama ni lazima. Siilaumu kompyuta. Ila kitu kikishakuwa cha bure hakikosi wafujaji.

Kwa Kiswahili jambo hili lina utata wake. Lugha yetu inapenda irabu, na irabu zetu nyingi zina tundu: a, e, o. Herufi ikinenepa, tundu linasinyaa. Tia wino mwingi na karatasi ya gazeti inayonyonya kama sponji, a inaziba, e inaziba, na neno linageuka mstari wa madoa. Mwenye macho ya miaka 60 hawezi kutofautisha. Kwa hiyo mtu anayedhani anamsaidia mzee kusoma kwa kunenepesha kila kitu, huenda anamzibia kabisa. Kukuza herufi na kuachia nafasi kati ya mistari humfaa mzee huyo zaidi.

Halafu maneno yetu ni marefu. Mwingereza ana vijineno vya herufi tatu au nne kwa kila balaa. Sisi tunasema waliohamishwa, hawajalipwa, wanaotuhumiwa. Jaribu kulitandaza neno wanaotuhumiwa kwa herufi nene katika upana wa ukurasa wa mbele, uone kama litabaki na mahali pa kuweka nukta. Ndiyo maana magazeti yetu yamezaa msamiati wake, ambao naamini umezaliwa na unene wa herufi kuliko na ushairi wa wahariri. Mkurugenzi anakuwa kigogo. Kukamatwa kunakuwa kunaswa. Kuhojiwa kwa saa nyingi kunakuwa kubanwa. Timu haishindi, inaua. Maneno haya ni mafupi, yana nguvu, yanaenea kwenye safu. Mimi nayapenda, nikiri. Lakini tuelewe kwamba mtu anayesemwa amenaswa pengine aliitwa kituoni kutoa maelezo, akarudi nyumbani kula chakula cha mchana.

Hapo ndipo ninapoingia wasiwasi. Simama asubuhi mbele ya meza ya magazeti, pale kituoni unaposubiri basi. Watu kumi wamesimama, wanasoma vichwa vya habari, wananunua wawili. Wanane wanaondoka na herufi nene tu. Siku hizi hata kusimama si lazima, kurasa za mbele zinapigwa picha na kutumwa katika simu alfajiri, na kwenye kioo cha simu kinachosomeka ni kile kinene peke yake. Sasa tazama ukurasa wenyewe. Jina la mtu limeandikwa kwa herufi nene kama ngumi. Neno wizi limeandikwa hivyohivyo. Na neno adaiwa, ambalo ndilo linalobeba haki ya mtu huyo mpaka mahakama iseme, limewekwa pembeni, jembamba, la saizi ya sisimizi. Mhariri akishtakiwa atasema neno lilikuwepo. Ni kweli, lilikuwepo.

Ujanja huohuo umehamia mahali ambapo unauma zaidi. Jirani yangu mmoja, mama wa makamo anayeuza nguo za mitumba, alinijia na karatasi ya mkopo wa shilingi 300,000, katika mikopo ile ambayo mtaani tunaiita kausha damu. Juu ya karatasi, kwa herufi nene zenye vijiguu, safi kabisa, za kuaminika kama cheti cha serikali, paliandikwa MKOPO NAFUU, HAKUNA USUMBUFU. Chini yake, kwa herufi ambazo hata mimi mwenye miwani ilinibidi nitoke barazani kwenye mwanga, kulikuwa na faini ya kila siku ya kuchelewa, na kifungu kinachompa mkopeshaji ruhusa ya kuchukua mali ya ndani. Cherehani yake ilikuwa imeshachukuliwa. Nikamsomea kifungu hicho kwa sauti, polepole. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza: "Mwanangu, mbona hayo hawakuyaandika kwa wino?"

Mama huyu anajua kusoma. Alisoma kile alichoonyeshwa. Herufi nene ilikuwa kidole, na kidole kikaelekezwa upande ambao haukuwa na shimo.

Jambo hili si jipya duniani wala halikosi dawa. Marekani walitunga sheria ya ukweli katika mikopo mwaka 1968, na masharti yake ni kwamba mambo mawili, gharama ya mkopo na kiwango cha riba kwa mwaka, yaonekane kwa uwazi kupita masharti mengine katika karatasi ya mkopaji. Si lazima tuige kila kitu cha Marekani, lakini angalieni hekima ya kifungu hicho. Hakikumwambia mkopeshaji aandike ukweli, maana ukweli hata kwenye karatasi ya jirani yangu uliandikwa. Kilimwambia ni ukweli upi uonekane kwanza.

Kwetu ningependa kila karatasi ya mkopo iwe na vitu vinne tu vilivyonenepeshwa, visizidi: jumla ya fedha atakazorudisha mtu, faini akichelewa, mali inayoweza kuchukuliwa, na tarehe ya mwisho. Jina la kampuni na sifa zake viandikwe kwa herufi za kawaida. Nadhani tukifanya hivyo baadhi ya wakopeshaji watagundua ghafla kwamba wanapenda herufi nyembamba.

Na sisi waandishi wa habari tusijifanye hatuhusiki. Kama jina la mtuhumiwa lina unene, neno adaiwa lina haki ya unene uleule, katika mstari uleule. Nafasi haitoshi? Basi punguzeni saizi ya vyote viwili. Benjamin Fox alihangaika na chuma ili herufi nene na nyembamba ziweze kukaa mstari mmoja. Hatuwezi kushindwa sisi wenye kitufe.

Kwa upande wako msikilizaji, ukipewa karatasi ya kutia saini, ianze kwa kuisoma pale palipo pembamba kuliko pote, kwa kuwa ndipo mwenye karatasi hakutaka ufike haraka. Macho yakikushinda, mpe mtoto wa shule akusomee kwa sauti. Sauti haina saizi. Faini na nafuu zikitoka katika kinywa kimoja zinalingana uzito, na hilo ndilo jambo moja ambalo redio imelizidi gazeti.

Kwa sababu hiyo, tangu miezi michache iliyopita, katika kile kipindi cha asubuhi cha magazeti nimebadili namna ya kusoma. Nasoma kichwa cha habari, nasoma na kile kijineno kilichofichwa pembeni, kisha nasoma sentensi ya kwanza ya habari yenyewe, vyote kwa sauti moja. Wahariri wawili ambao ni rafiki zangu wameshanipigia simu kulalamika kwamba napunguza utamu. Ni kweli, unapungua.